Mmeuliza, tunajibu: Klafuti si keki

Katika toleo lililopita tulitoa kipimo cha klafuti, kitindamlo cha cheri cha Limousin, eneo la katikati ya Ufaransa ambalo mji wake mkuu ni Limoges. Kwa Kifaransa huandikwa clafoutis, na s ya mwisho haitamkwi. Barua zenu zimefika kwa wingi, na nyingi zinatokana na kosa moja: klafuti imepikwa kwa mazoea ya keki. Rojo lake ni ndugu wa chapati za maji, na uivaji wake ni ndugu wa kastadi. Haiumuliwi kwa hamira wala kwa beking pauda. Mayai ndiyo yanayoishikamanisha.

Kwa waliokosa toleo lile, kipimo cha watu 6 ni hiki: cheri 600 g zikiwa na kokwa zake, mayai 4, sukari 100 g, unga mweupe wa ngano 100 g, maziwa yasiyopunguzwa mafuta 300 ml, siagi 30 g iliyoyeyushwa, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Asiye na mizani atumie vijiko vikubwa 12 vya unga na 8 vya sukari, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Chombo kiwe na upana wa sm 26 na kina cha sm 4.

Changanya unga, sukari na chumvi. Tia mayai moja moja ukikoroga hadi upate ute mzito usio na madonge, ndipo maziwa yaingie kidogo kidogo, na mwisho siagi. Madonge huvunjika kirahisi rojo likiwa bado zito. Ukimwaga maziwa yote kwa pamoja utayafukuza hadi uchoke. Funika, acha litulie dakika 30 hadi saa 1. Paka chombo siagi, nyunyizia kijiko kimoja cha sukari, panga cheri zilizokaushwa maji ziwe safu moja iliyobanana, kisha mimina rojo juu yake. Oka kwa 180°C moto wa juu na chini, au 165°C kwa oveni ya feni, dakika 40 hadi 45. Oveni iwe imeshapata moto kabla ya chombo kuingia.

Sasa tuje kwenye barua.

Assalaam aleikum wahariri. Klafuti yangu ilipanda hadi ikapita ukingo wa bakuli, nikafurahi. Nilipoitoa ikabonyea mbele ya wageni, katikati imebaki shimo. Je, niongeze beking pauda? (Msomaji, Mombasa)

Wa aleikum salaam, dada. Usiongeze. Kinachoinua klafuti ni mvuke wa maji yaliyomo kwenye maziwa, mayai na matunda. Chombo kikitoka motoni mvuke hupoa, na klafuti hushuka. Ikishuka kiasi cha sm 1 hujakosea kitu, na hata huko Limousin huliwa ikiwa imeshuka, ya vuguvugu.

Ila kupita ukingo na kuacha shimo ni jambo jingine. Sababu huwa mbili. Ama rojo lilipigwa kwa mashine likajaa hewa, ama oveni ilizidi 200°C, kingo zikaiva na kuwamba huku katikati bado ni maji. Koroga kwa uma au kipigio cha mkono, polepole, na ukiona povu juu ya rojo baada ya kutulia liengue kwa kijiko. Usijaze bakuli zaidi ya robo tatu. Beking pauda itakupa kitu chenye matundu, kikavu, kinachofanana na keki iliyokosewa.

Ya kwangu ilipendeza kwa macho, lakini kuitafuna ilikuwa kama mpira. Nilifuata kipimo. Tatizo ni nini? (Msomaji, Dodoma)

Hili ndilo lalamiko tulilolipokea zaidi, na dawa yake inategemea chanzo. Kata kipande kilichopoa ukitazame ubavuni. Kikiwa kimeshikana sawasawa na kinavutika kama chapati iliyolala, kosa liko kwenye unga. Kikiwa na vitundu vidogo vidogo vyenye matone ya maji, kosa liko kwenye moto.

Tuanze na unga. Ngano ina protini ambazo zikilowana na kukorogwa hufungamana zikawa nyuzi. Nyuzi hizo tunazitaka kwenye mkate, hapa hatuzitaki. Maziwa yakishaingia, koroga kiasi cha kuchanganya tu, kisha acha. Ile nusu saa ya kutulia huzilegeza nyuzi zilizokwisha kujifunga, na chembe za unga hupata muda wa kunywa maziwa. Rojo lililotulia huteleza kwenye kijiko kama krimu nyepesi. Angalia pia unga ulionunua: ule wa mikate una protini nyingi, chukua wa kawaida wa keki na maandazi. Na aliyepima kwa kikombe akaushindilia unga ndani yake anaweza kuwa ametia 150 g akidhani ni 100 g. Kiasi hicho peke yake kinatosha kuifanya iwe ngumu.

Sasa moto. Mayai yakipita kiwango chake hujikaza na kukamua maji, ndiyo yale matone. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichomeke katikati, mahali pasipo na tunda. Kikifika 83 hadi 85°C, atoe. Asiye nacho atikise chombo kidogo. Kingo ziwe zimetuna na rangi ya dhahabu, katikati patikisike kama jeli. Pakicheza kama maji kwenye ndoo, bado. Pakiwa pamekaa kimya kabisa, umechelewa. Klafuti huendelea kuiva dakika kadhaa nje ya oveni kwa joto lake yenyewe, hasa kwenye chombo cha udongo au kauri, kwa hiyo anayengoja ikauke kabisa ndani huila imekauka kupita kiasi.

Sisi huku cheri hatuzijui ila zile nyekundu za kopo za kupambia keki. Plamu tunazo, pea tunazo. Je, tuache? (Msomaji, Lushoto)

Msiache hata kidogo, ndugu yetu. Jina klafuti linatokana na kitenzi cha Kioksitani, lugha ya kale ya kusini mwa Ufaransa, *clafir*, chenye maana ya kujaza, kusheheneza. Bakuli lishehenezwe matunda, rojo lije kuziba nafasi. Watu wa Limousin watakwambia klafuti ni ya cheri nyeusi tu, na ya tunda lingine ina jina lake, flonyadi. Wafaransa wengine hawabagui. Sisi tunapendelea kuheshimu jina lakini tule kilichopo, na plamu za milimani ni mbadala bora kwa sababu zina kile ambacho cheri nyeusi inacho: uchachu unaokata utamu wa maziwa.

Zile cheri nyekundu za mapambo ziacheni. Zimelowekwa sukari na rangi mpaka ladha ya tunda imeisha, na zitaacha michirizi myekundu kwenye rojo.

Plamu: chagua zilizoiva lakini zinazokaza ukizibonyeza. Pasua nusu, toa kokwa, uzipange upande uliokatwa ukitazama juu ili maji yake yapate pa kutokea kwa mvuke. Ukizilaza kifudifudi, maji yote yatashuka kwenye rojo. Tumia 600 g kabla ya kutoa kokwa, na zikiwa kali ongeza sukari 20 g.

Pea: menya, kata vipande vinene vya sm 2. Zikiwa ngumu, zikaange kwa siagi kijiko kimoja dakika 5 kwanza, la sivyo rojo litaiva na tunda litabaki bichi.

Embe: dodo linaloanza tu kuiva, 500 g ya nyama iliyokatwa vipande vya sm 2, sukari ishuke hadi 70 g, na maji ya ndimu kijiko kimoja yamwagiwe embe lenyewe. Yasiingie kwenye maziwa, yatayakata.

Nanasi na papai vinahitaji uangalifu. Vikiwa vibichi vina vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, na protini ya yai ndiyo inayotushikia klafuti. Pika vipande vya nanasi kwenye kikaango dakika 8 hivi hadi maji yakauke, ndipo vimeng'enya hivyo hufa na tunda hupata ladha nzito zaidi. Papai hatulipendekezi, hata likipikwa hulegea mno. Zambarau nazo tumeulizwa: zinakausha ulimi, na rangi yake hulifanya rojo liwe la kijivu. Kuleni mbichi.

Mimi ni mama wa watoto wadogo. Kipimo kimesema cheri zisitolewe kokwa. Nimesikia kokwa zina sumu. Mnatushauri nini? (Msomaji, Nairobi)

Swali zuri, mama, na jibu lina pande mbili. Ndani ya kokwa ya cheri kuna kiini chenye amigdalini, ambayo ikisagwa au kutafunwa hutoa sianidi. Kokwa nzima isiyopasuka haitoi kiasi cha kudhuru, hata ikimezwa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo kokwa zioke zikiwa nzima, zitemwe, na zisitafunwe. Kwa mtoto mdogo hatari ya karibu zaidi ni kupaliwa, na kwa mtu mzima ni jino kuvunjika. Kama mezani pana watoto, toeni kokwa bila kusitasita. Kama ni watu wazima, waambieni kabla hawajashika kijiko.

Waliozoea mtindo wa kale huziacha kwa sababu mbili: huachia harufu ya mbali inayofanana na lozi, na tunda lisilotobolewa halitoi maji. Ukizitoa, rudisha harufu hiyo kwa arki ya lozi, robo kijiko cha chai, isizidi, kwa sababu ikizidi inaleta ukali kama wa dawa. Toa kokwa juu ya bakuli ili juisi isipotee, kisha punguza maziwa kwa kiasi kile kile cha juisi utakayotia. Ukipata 40 ml za juisi, maziwa yawe 260 ml.

Huku cheri zinapatikana za kugandishwa na za kopo. Nimejaribu zote, chini ya bakuli panajaa maji ya zambarau na kitako hakiivi. (Msomaji, Muscat)

Cheri za kugandishwa zikiyeyuka kabla ya kuokwa huwa zimeshapasuka ndani, maana barafu imevunja kuta za tunda, na juisi yote hutoka. Ziingize zikiwa bado na barafu. Zigaragaze kwenye kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi, ule mweupe wa kutengenezea kastadi, zipange, mimina rojo, peleka motoni papo hapo. Ongeza dakika 8 hadi 10 za kuoka kwa sababu chombo kinaanza kikiwa baridi. Usiweke za kugandishwa kwenye bakuli la kioo lililopashwa moto, litapasuka.

Za kopo zichuje nusu saa, kisha zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke kabisa. Kama zilikuwa kwenye shira, sukari ya rojo iwe 70 g. Shira yenyewe usiitie ndani. Ichemshe pembeni hadi ipungue nusu na uimwagie klafuti mezani.

Kuna njia moja inayoponya kitako kibichi kwa tunda lolote lenye maji mengi. Mimina kwanza rojo la kina cha nusu sm kwenye chombo kilichopakwa siagi, oka dakika 7 hadi lishike kama chapati nyembamba. Toa, panga matunda juu yake, mimina lililobaki, rudisha. Tabaka lile la chini huzuia juisi isifike kwenye kitako, na matunda hayawezi kuzama yote chini. Chombo nacho kina neno. Kauri na udongo hushika joto taratibu na kuligawa sawa. Bati jeusi huunguza kitako kabla katikati haijaiva. Kopo la keki lenye kitako cha kutoka msilijaribu kabisa; rojo hili ni jepesi, litavuja lote ndani ya oveni.

Mume wangu anasema inanuka shombo ya mayai. Nilitia mayai 6 ili iwe nzito. (Msomaji, Tanga)

Hapo mayai yamezidi, dada. Mayai 4 kwa maziwa 300 ml yanatosha kushika, kwa sababu unga nao unasaidia. Shombo pia huongezeka klafuti ikiiva mno, kwani yai likipikwa kupita kiasi hutoa harufu ya salfa. Rudi kwenye mayai 4, chuja rojo kwa chujio la chai ili nyuzi nyeupe za yai zibaki juu, na utie maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa, nusu kijiko cha chai, au vanila kijiko kimoja cha chai. Na uile ikiwa vuguvugu. Ikitoka motoni sasa hivi harufu ya yai ndiyo inayotangulia. Baada ya dakika 30 ladha ya tunda inajitokeza na ile nyingine inatulia.

Iliki tumeulizwa pia. Inaendana na embe na pea, lakini kwa cheri inafunika kila kitu.

Sina oveni, nina jiko la mkaa na sufuria. Inawezekana? (Msomaji, Morogoro)

Inawezekana, na anayejua kupalia wali au mkate wa kumimina ameshajua nusu ya kazi. Kumbuka tu kwamba klafuti inaogopa moto wa chini kuliko keki inavyouogopa. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu wa sm 2, weka juu yake kitako cha kupandishia au mawe matatu bapa. Funika, pasha dakika 15 kwa moto wa wastani. Kisha gawa makaa: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili ziwe juu ya mfuniko. Ingiza bakuli lako, dogo la upana wa sm 20, na nusu ya kipimo cha rojo na matunda (mayai 2, maziwa 150 ml, cheri au plamu 300 g).

Usifunue kabla ya dakika 30. Kila ukifunua joto hutoroka na mvuke uliokusanyika kwenye mfuniko hudondoka juu ya rojo ukaacha madoa meupe. Ukianza kunusa sukari inaungua kabla ya hapo, punguza makaa ya chini, ya juu yaache. Kwa kawaida huchukua dakika 40 hadi 50. Ikiwa imeshika lakini uso umebaki mweupe, ongeza makaa machache mekundu juu ya mfuniko kwa dakika 5 za mwisho. Majivu yapuliziwe mbali kabla ya kufunua.

Je, tui la nazi linaweza kushika nafasi ya maziwa? Na unga wa mchele? (Msomaji, Lamu)

Yote mawili yanawezekana. Tui liwe jepesi, la mkamuo wa pili, 300 ml zile zile. Tui zito hujitenga kwenye moto na kuacha mafuta yakielea pembezoni. Ukiwa nalo hilo tu, lichanganye nusu kwa nusu na maji, na siagi uiache. Embe na tui vinapatana sana. Cheri na tui hazipatani, kwa maoni yetu, kwa sababu nazi humeza uchachu.

Badala ya ngano, tumia unga laini wa mchele 80 g na wanga wa mahindi 20 g. Haujengi nyuzi, kwa hiyo mpira hautauona, lakini hutuama chini upesi. Koroga tena sekunde chache kabla tu ya kumimina.

Kuzunguka kila cheri kulitokea duara la kijani. Nimeitupa nikihofia. Nilitia beking soda kidogo. (Msomaji, Kampala)

Pole sana, haikuwa na madhara. Rangi nyekundu ya cheri hubadilika ikikutana na kitu chenye asili ya alkali: huwa ya buluu, na ikichanganyika na manjano ya yai unaona kijani. Beking soda ndiyo alkali yenyewe. Iondoe, duara halitarudi.

Inakaa siku ngapi, na ipashweje moto? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni mayai na maziwa, na joto la pwani halina huruma: isikae mezani zaidi ya saa 2. Kwenye friji, ikiwa imefunikwa, siku 2. Kuipasha, oveni ya 150°C dakika 10. Maikrowevu huikaza mayai, na kwenye friza hujitenga maji ikiyeyuka, kwa hiyo usiigandishe. Sukari ya unga inyunyizwe wakati wa kula tu. Ukiinyunyiza ikiwa ya moto huyeyuka ikaacha uso unaonata. Wala usijaribu kuitoa nzima kwenye bakuli. Hukatwa humo humo na kuchotwa kwa kijiko kipana.